Darasa la krosheti Ntinda: leta kitambaa cha kochi, rudi na blauzi

Jamani kama unajua kufuma vitambaa vya makochi lakini nguo unaiogopa, hili darasa la Jumamosi hapa Ntinda, Kampala, linakufaa, nimelipa shs 80,000 na sijutii hata mia. Anafundisha mama mtu mzima, wote tunamwita Maama tu, anachanganya Kiganda na Kiswahili, na hataki mtu aje kuiga vitu vya YouTube. Anakwambia lete kitambaa cha sebuleni kwenu.

Mi nikapeleka kile cha duara chenye nakshi ya mananasi, kumbe blauzi ilikuwa humo humo! Unaachana na raundi za katikati, unaanza na mnyororo wa vitanzi unaopita kichwani, ilimradi vitanzi vigawanyike sawa kwa idadi ya mananasi unayotaka. Duara linalala bapa kwa sababu unaongeza vitanzi kila raundi, ukiongeza vichache linajikunja kama bakuli, ukizidisha linafanya mawimbi, na ukiacha kuongeza kabisa linashuka wima, basi hapo ndo kiwiliwili chako kimeanza. Nafasi ya mikono unairuka tu kwa minyororo ya kwapani. Nilikuwa nadhani nguo lazima uchore upya kila kitu.

Na wale wa viraba, vile vipande vya mraba vinavyounganishwa, nao wamepata yao. Kiraba cha sm 12 ukizungusha 8 unapata 96, sasa mteja ana kifua cha 100 utafanyaje? Hugusi nakshi, unabadili sindano, toka milimita 4 kwenda 4.5, kiraba kikifika 12.5 umemaliza. Shingo ya V unakata kwa nusu kiraba, yaani unafuma pembetatu.

Kasoro zipo. Mikono yenyewe aliifundisha mbio mbio, nusu ya watu walitoka na bega moja. Halafu uzi anaouza pale ni akriliki na bei iko juu, kwa joto la Kampala hapana, mi ningesema tafuta pamba mjini, ila pamba ni nzito na nguo inashuka ikivaliwa, kwa hiyo fuma sampuli, ifue, itundike kwanza ndo uhesabu (hili Maama alilisema vizuri, sifa zake nampa). Nenda na sindano zako na tepu, za pale zinagombaniwa.