NeoNatalie kwenye meza ya leba: anafundisha nini, na anapima nini

Mjaze NeoNatalie lita 2 za maji ya uvuguvugu, kisha mnyanyue. Ana uzito wa kichanga, amelegea kama kichanga asiyepumua, na usipomshika shingo kichwa kinaanguka nyuma. Mwanasesere huyu wa kufundishia hutengenezwa na Laerdal Global Health ya Norway. Aliundwa kwenda sambamba na mafunzo ya Helping Babies Breathe (kuwasaidia vichanga kupumua), yaliyozinduliwa mwaka 2010 chini ya American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na Tanzania ni kati ya nchi ambako matumizi yake yamefanyiwa utafiti wa muda mrefu. Tunampima hapa kwa kazi mbili: kumfundishia mkunga, na kuwa kipimo katika utafiti wa elimu ya afya. Kazi ya kwanza anaimudu vizuri sana. Ya pili anaimudu pale tu mtafiti anapojua mpaka wake.

Mwili wake unajazwa maji au hewa. Hewa inafaa kwa safari na kwa maonyesho ya haraka, lakini zoezi lenyewe lifanyike kwa maji. Mwanasesere wa hewa ni mwepesi mno: barakoa ya kumpa hewa ikimgusa tu anateleza, na mwanafunzi anajifunza kumkandamiza mezani ili atulie, tabia ambayo hutaki aipeleke kwa mtoto wa kweli. Wa maji anatulia mwenyewe, na kwa kuwa kichwa kina uzito, shingo haikai sawa mpaka mkono uiweke sawa. Kuna mirija yenye vipira vya kubana. Ukibana kipira cha kupumua, kifua kinapanda. Ukibana cha mapigo, kitovu kinadunda. Vipira vinashikwa na mkufunzi au mwenzako wa zoezi, naye ndiye anayeamua kama mtoto ataitikia au la. Kilio akikitoa kwa mdomo wake kinatosha kabisa.

Kitovu kinachodunda ndicho tunachokithamini kuliko kingine chochote. Kichanga aliyelegea, asiyelia wala kupumua, huku moyo wake bado unapiga, ni rahisi mno kuandikwa kwenye rejista kwamba amezaliwa mfu. Mkunga aliyezoea kupeleka vidole viwili kwenye kitovu, karibu na tumbo, akahesabu kwa sekunde 6 na kuzidisha kwa 10, hatamweka mtoto huyo pembeni. Kwa hiyo mkufunzi asiache kipira cha mapigo kimelala. Aanze na mapigo ya polepole, chini ya 100 kwa dakika, ayapandishe pale tu kifua kinapopanda vizuri, na ayashushe tena barakoa ikivuja.

Kati ya vichanga 100, wapatao 10 huhitaji kusaidiwa kidogo ili waanze kupumua: kukaushwa, kusuguliwa mgongo, kuwekwa kichwa vizuri. Wanaohitaji ambu, yaani mfuko wa kubana wenye barakoa wa kuwapa hewa, ni 3 hadi 6, na wanaohitaji matibabu makubwa zaidi hawafiki 1. Sasa chukua kituo cha afya chenye uzazi 20 kwa mwezi. Kituo kizima kitahitaji ambu kama mara moja kwa mwezi, na hiyo mara moja itaangukia zamu ya mtu mmoja. Wenzake wanaweza kumaliza miezi bila kuishika. Hapo ndipo mwanasesere anapata maana yake, kwa sababu wodi peke yake haitoi nafasi za kutosha za mkono kukumbuka.

Zoezi linazunguka kwenye dakika ya dhahabu: mtoto asiyepumua awe ameanza kupewa hewa ndani ya sekunde 60 tangu kuzaliwa. Ambu iwe imeunganishwa na kujaribiwa kabla mama hajaanza kusukuma. Jaribio ni rahisi. Ziba barakoa kwa kiganja, bana mfuko, usikie ukinzani. Mfuko ukibonyea bila ukinzani wowote, kuna mahali panavuja au vali imefungwa vibaya. Mtoto akitoka, kausha, toa nguo iliyolowa, mfunike na kavu, sugua mgongo. Asipopumua, mpeleke mezani, kichwa kiwe kimeinuka kidogo kama anayenusa hewa. Barakoa ifunike kidevu, mdomo na pua, isiguse macho. Kidole gumba na cha shahada vinaibana barakoa kwa umbo la herufi C, na vidole vilivyobaki vinanyanyua mfupa wa taya kuelekea kwenye barakoa. Toa pumzi 40 kwa dakika, ukihesabu moja, mbili, tatu na kubana kwenye moja tu.

NeoNatalie anakukosoa bila maneno: kichwa kikikaa vibaya au barakoa ikivuja, kifua hakipandi. Na karibu kila anayeanza kujifunza hukosea mahali palepale. Anasukuma barakoa chini kwenye uso badala ya kunyanyua taya juu. Shingo inakunjika, njia ya hewa inajifunga, na yeye anaendelea kubana macho yakiwa kwenye mfuko badala ya kifua. Kosa la pili ni kukunja shingo nyuma mno kama ya mtu mzima. La tatu ni mwendo: hofu ikiingia, pumzi 40 zinakuwa 70, na hewa haipati muda wa kutoka. Kifua kisipopanda, rekebisha kwa mpangilio: weka barakoa upya, rudisha kichwa mahali pake, futa au fyonza kilichoziba, fungua mdomo kidogo, kisha bana kwa nguvu zaidi. Wengi huanza na hilo la mwisho, nalo ndilo lenye madhara.

Kufyonza nako kunahitaji ulinzi. Kifyonzi cha Penguin kinachoandamana na vifaa hivi ni kizuri kwa sababu kinafunguka, kinaoshwa na kuchemshwa. Lakini uzuri wake ndio unaowafanya watu wakitumie kwa kila mtoto. Kufyonza ni kwa mtoto asiyepumua ambaye njia yake imezibwa: mdomo kwanza, pua baadaye, bila kwenda ndani. Kupitiliza kunaupunguza mwendo wa moyo na kula sekunde za ile dakika moja. Mkufunzi anayeona kila mwanafunzi anafyonza kwanza ajue somo limekwenda kombo.

Asichoweza mwanasesere huyu kisemwe wazi pia. Kichanga wa kweli amelowa na anateleza, barakoa inahama. Mapafu yake yana maji, na pumzi za mwanzo zinahitaji nguvu kuliko zile zinazofuata. Kifua cha plastiki kinafunguka kirahisi tangu pumzi ya kwanza. Rangi haibadiliki, misuli hairudishi nguvu kidogo kidogo. Pia hakuna mama anayevuja damu kitandani huku mkunga akiwa peke yake usiku. Hilo la mwisho mkufunzi anaweza kulitengeneza: mpe mwanafunzi mama na mtoto kwa pamoja, usimpe msaidizi, uone anamwita nani na saa ngapi.

Tuje kwenye utafiti. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoa wa Manyara, watumishi walipewa mafunzo ya siku moja mwezi Aprili 2010. Miezi 7 baadaye walipimwa kwa mwanasesere: waliofaulu zoezi la huduma ya kawaida walipanda kutoka asilimia 41 hadi 74, na waliofaulu zoezi la kumsaidia kichanga kupumua kutoka asilimia 18 hadi 74. Mtu angeishia hapo, angeandika ripoti ya ushindi. Watafiti hao walifanya kazi ngumu zaidi, wakaangalia pia yaliyotokea kwenye uzazi wa kweli, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 walieleza kwamba namna vichanga walivyohudumiwa haikubadilika. Mkono ulikuwa umejifunza mbele ya plastiki, wodi ikabaki vilevile.

Kilichofuata ndicho kinachoufanya mfano wa Haydom uwe wa thamani. Kuanzia Februari 2011 mazoezi yaliletwa lebani kwenyewe, dakika 3 hadi 5 kila wiki, juu ya meza ileile ya kuhudumia vichanga. Vifo ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila vichanga 1,000. Waliosuguliwa waliongezeka, na waliohitaji ambu walipungua kutoka asilimia 7.3 hadi 5.9. Maana yake inaeleweka: wengi waliamka kwa kukaushwa na kusuguliwa mapema, kabla ya kufikia ambu. Bidhaa ni ileile, kilichobadilika ni alipowekwa na mara ngapi aliguswa.

Utafiti mwingine mkubwa wa Tanzania, katika hospitali 8, nao ulichapishwa mwaka 2013. Vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 13.4 hadi 7.1 kwa 1,000, na waliozaliwa wafu, waliokufa muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa, kutoka 19.0 hadi 14.5. Hiyo ya pili ni muhimu, maana vifo vya mapema vingeweza kuonekana vimepungua kwa sababu tu watoto wanahamishiwa safu ya waliozaliwa wafu. Safu zote mbili ziliposhuka, shaka hiyo ilipungua sana. Yeyote anayetafiti mafunzo haya azikusanye zote mbili, la sivyo takwimu zake hazitabeba uzito.

Kwa anayetaka kumtumia NeoNatalie kama kipimo, tunashauri hivi. Usipime mwisho wa semina peke yake. Siku hiyo kila mtu hufaulu. Pima kabla, mara baada ya mafunzo, na tena baada ya miezi 3 hadi 6, bila kuwapa nafasi ya kujikumbusha kwanza. Badilisha kisa kila mara, kwani watumishi huambiana: kisa cha jumatatu kikirudiwa ijumaa utakuwa unapima kumbukumbu ya hadithi. Rekodi video, itazamwe na wapimaji wawili wasiojua kama ni ya kabla au ya baada, na makubaliano yao yahesabiwe. Mwendo wa kubana vipira uandikwe kwenye itifaki, maana mkufunzi mwenye huruma humfufua mtoto mapema kuliko mkali, na alama zitatofautiana bila wanafunzi kutofautiana. Kipimo kinachosema kweli kuliko vingine ni sekunde tangu kuzaliwa hadi pumzi ya kwanza yenye kupandisha kifua. Hesabu hiyo, usihesabu kubana mfuko.

Usigawe watumishi wa leba moja katika makundi mawili. Wanashika zamu pamoja, wanafundishana mezani, na kundi linganishi, lile lisilopewa mafunzo, litakuwa limejifunza kabla hujamaliza kukusanya data. Gawa vituo. Tena uhamisho wa watumishi uandikwe mwezi kwa mwezi, kwani nusu ya uliowafundisha wakihamia kliniki ya watoto, wodi unayoipima si ile uliyoifundisha.

Kuna ndugu yake mkubwa, NeoNatalie Live, mwenye vihisio ndani na anayeunganishwa na tableti. Anarekodi uvujaji wa barakoa na mwendo wa pumzi, na kumpa mkunga marejesho papo hapo bila mkufunzi. Kwa utafiti ni hatua kubwa, kwa sababu jicho la mtu halioni uvujaji mdogo. Kwa chuo kinachofundisha darasa zima, bado tungechagua wa kawaida wengi kuliko Live mmoja: mafunzo haya hutaka mwanasesere 1 kwa wanafunzi 2 na mkufunzi 1 kwa wanafunzi 6, na wa tatu kwenye foleni hajifunzi chochote. Live amekuwa sehemu ya mpango wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa 5 ya Tanzania, ambako matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya kabla na muda mfupi baada ya kuzaliwa vikishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa 1,000. Lakini ule ulikuwa mpango wa vifaa na mazoezi mengi kwa pamoja, pamoja na kutumia takwimu za wodi yenyewe, hivyo muuzaji au mtafiti asimpe mwanasesere sifa zote peke yake.

Utunzaji ni mwepesi ila hausameheki. Baada ya zoezi mwage maji yote, mwache vali ikiwa wazi mpaka akauke ndani, kwani maji yaliyolala huotesha ukungu. Usimkunje angali na maji. Kalamu na dawa za rangi zisimguse, madoa hayatoki. Ambu na kifyonzi vya mazoezi vitiwe alama isiyofutika na visihesabiwe kabisa kwenye vifaa vya huduma. Vya huduma hufunguliwa vipande, huoshwa kwa sabuni, huchemshwa dakika 10, hukaushwa, na vali hujaribiwa tena kwa kiganja kabla ya kurudi mezani.

Na ufunguo wa kabati la mwanasesere ukae lebani, kwa mkuu wa zamu, usiku na mchana.