Weji ya 56-14 kwenye mchanga wa Mwanza

Kwa mchanga mkavu na laini, weji hii, fimbo ya gofu ya mapigo mafupi ya kuinua mpira, simwachii mtu. Kwa ardhi ya Julai iliyokauka kama tofali, inabaki kwenye begi.

Mgongoni imechongwa 56-14. Ya kwanza ni lofti, mlalo wa uso wa fimbo kwa nyuzi. Ya pili ni baunsi: pembe ya soli inayofanya tumbo la fimbo liguse chini kabla ya ukingo wa mbele. Wanunuzi wengi wanauliza ya kwanza tu, na wauzaji wa mtandaoni mara nyingi hawaandiki hata hiyo ya pili. Halafu mpira ukigoma kutoka bankani, shimo la mchanga la kiwanja cha gofu, lawama zinaenda kwa mkono.

Nimeipima sambamba na 58-8 kwenye ufukwe wa Luchelele, kwa sababu pale ndani ya hatua chache unakuta michanga mitatu: wa juu mkavu unaomeza kisigino, wa kati wenye unyevu, na wa ukingoni mwa maji ulioshindiliwa na mawimbi. Chembe ni za graniti ya miamba yetu, nene na zenye kona.

Kipimo hakihitaji mpira. Chora mstari mrefu kwa mpini, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, uzito kidogo zaidi mguu wa mbele, kisha piga mara kumi ukisogea nusu hatua kila pigo. Alama nzuri inafanana na unyayo wa kandambili: inaanzia mstarini, urefu kama sentimita 20, kina hakizidi unene wa kandambili yenyewe. Ukishazipata mfululizo, ndipo weka mpira vidole vitatu mbele ya mstari, kama sentimita 5, na uusahau. Unapiga mchanga, mchanga ndio unaoutoa mpira.

Juu, pakavu, 56-14 iliacha kandambili karibu kila pigo. 58-8 iliacha mashimo kama ya kuku anayeoga vumbi: ukingo wa mbele unazama, fimbo inakwama, mpira unaruka kidogo na kurudi ulipokuwa. Ukingoni mwa maji mambo yakageuka. Soli nene ya 56-14 iligonga chini na kudunda, ukingo ukapanda na kupiga tumbo la mpira, nao ukaondoka chini chini kwa kasi ambayo kwenye kiwanja ingeuvusha grini nzima, ile nyasi fupi yenye shimo la mpira. Pale 58-8 ilipita kama kisu kwenye embe. Mchanga wa kati hauna ubishi, zote zinafaa.

Uzuri ni kwamba baunsi unaweza kuibadilisha kwa mikono. Ukifungua uso wa fimbo, lofti na baunsi vyote vinaongezeka. Hiyo ni ya mchanga mkavu. Zungusha fimbo kwanza, ndipo ushike. Ukishika kwanza ukapinda viganja, fimbo itajirudi yenyewe wakati wa pigo na kufunga uso. Kwenye mchanga mgumu acha uso umenyooka. Na ukiulaza mpini mbele nyuzi 6, hiyo 56-14 inafanya kazi kama 50-8. Ndiyo njia ya kuiokoa kwenye kipara cha nyasi za kiangazi karibu na grini: mpira nyuma kidogo, mikono mbele, pigo fupi. Inawezekana, ila mimi pale natoa 52 yenye baunsi 8 na kulala usingizi.

Anayenunua moja tu kwa kazi ya banka na nje ya banka, namshauri 56 yenye baunsi 10 hadi 12, si hii yangu. 14 ni ya mtu anayechimba, au anayecheza kwenye mchanga mwingi na laini. Nyuzi 60 muachie anayefanya mazoezi kila wiki. Ukikosea kidogo, fimbo inapita chini ya mpira.

Kabla ya kulipa, jua lofti ya pichingi weji yako, ile weji inayokuja na seti. Seti za zamani zina 48, nyingi za sasa zina 44 au hata 43. Kutoka 44 kuruka hadi 56 kunaacha pengo la nyuzi 12 katikati, na utalilipia kwa mapigo ya nusu nguvu. Nyuzi 4 hadi 6 kati ya fimbo na fimbo zinatosha. Begi lina mwisho, fimbo 14.

Ya mtumba ikague kwa ukucha: upitishe usoni, na kama haunasi kwenye mifereji katikati, pale mpira unapogongwa, uwezo wake wa kuuzungusha mpira umekwisha. Uliza pia kama lofti iliwahi kukunjwa. Kila nyuzi moja ya lofti iliyopunguzwa inaondoa nyuzi moja ya baunsi, kwa hiyo 56-14 iliyokunjwa hadi 54 sasa ni 12, hata kama mgongoni pameandikwa vingine.

Tahadhari moja: jaribio la mstari ni la ufukweni tu. Kwenye banka ya kiwanja, kugusa mchanga kwa pigo la majaribio ni adhabu ya mapigo mawili. Kokoto unaruhusiwa kuziondoa tangu kanuni za 2019, lakini mpira ukisogea kwa sababu hiyo, ongeza pigo moja.

Kasoro yake kubwa ni uso usio na kromu. Ziwa halina chumvi, ila ikirudi begini na unyevu, asubuhi ina kutu. Kutu ya juu haiharibu pigo. Mchanga uliogandia kwenye mifereji ndio unaoharibu. Mswaki wa zamani, maji, kitambaa kikavu, kabla ya kupanda gari.