Busta ya miti ya matunda: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ingia duka la pembejeo Kariakoo, sema mwembe wako unapukutisha maua, utakabidhiwa chupa ya busta, yaani mbolea ya kupulizia majani, yenye picha ya embe nono. Igeuze. Soma asilimia za zinki, boroni, chuma na manganizi, kisha uliza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA). Isiyoandikwa asilimia irudishe rafuni, muuzaji aisifie atakavyo.

1. Zinki salfeti ya unga. Haina mbwembwe, na mimi ningeanza nayo. Majani machanga ya mwembe, mlimau au mchungwa yakitoka madogo, membamba, yamesongamana nchani, mti una njaa ya zinki. Pakiti ya asilimia 21 hivi: gramu 80 kwa bomba la lita 16, pamoja na gramu 40 za chokaa iliyozimwa, ili majani yasiungue. Chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba. Ipo pia ya asilimia 33, na hiyo gramu 50 zinatosha. Wengi huharibu kwa kuchelewa: zinki haihami sana kutoka jani hadi jani, kwa hiyo puliza mara tu machipukizi yanapofunguka. Alfajiri au jioni, si saa sita mchana.

2. Boroni. Papai lenye manundu, au mwembe unaochanua vizuri lakini haushiki matunda, vinaweza kuwa dalili yake. Asidi ya boriki gramu 1 kwa lita, kabla maua hayajafunguka. Usikadirie kwa kijiko. Boroni ikizidi kidogo tu inakuwa sumu kwa mti.

3. Mchanganyiko wa kileti (EDTA), yaani virutubisho vilivyofungwa ndani ya kemikali inayovilinda. Ghali zaidi, ila hauhitaji chokaa na hauunguzi kirahisi. Mwenye miti miwili uani, asiye na mizani, achukue huu.

4. Chuma. Kwenye udongo wa chokaa kama wa Wazo, majani machanga hugeuka njano huku vishipa vikibaki kijani. Kupuliza husaidia kwa muda mfupi. Huko afadhali chuma cha EDDHA, aina nyingine ya kileti, kinachowekwa ardhini.

5. Busta za NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu). Mwembe mkubwa haushibi nitrojeni kwa kupuliziwa majani. Hela hiyo nunua samadi, uimwage chini ya ukingo wa matawi, si kuirundika shinani.