Kituo cha masomo cha mtaani: cha kukagua kabla ya kumwandikisha mtoto
Kituo kizuri utakitambua siku ya kwanza: mtoto husomeshwa kifungu kifupi kwa sauti, kisha hupangiwa kundi kwa uwezo wake, si kwa darasa lake la shuleni. Kujiamini huanzia hapo. Anayekwama kwenye silabi akichanganywa na wanaosoma hadithi, atanyamaza hata jibu akilijua. Watoto sita hadi wanane kwa kundi wanatosha. Wakizidi, waoga hujificha nyuma.

Udhaifu mkubwa ni kituo kugeuka chumba cha kumalizia kazi za shule. Daftari linajaa, lakini muulize mtoto 42 kutoa 17, anajibu 35, kwa kuwa ametoa 2 kwenye 7. Mwalimu makini hamkosoi tu: humpa vijiti vilivyofungwa kumi kumi, wakafungua fungu moja la kumi pamoja ili apate vya kutoa 7.