Ajenti wa ploti Ruai: nyota mbili, moja ni ya chai

Chai ya kweli, ya tangawizi, aliyoninunulia pale steji. Kijana ana adabu, anafika kwa wakati, na barabara zote za Ruai anazijua. Shida ni mdomo. "Mama, hati ni safi, lipa dipoziti kabla mwingine hajawahi." Nikamwambia aniandikie maneno hayo na kutia sahihi. Akacheka.

Kwa bahati, binti yangu alitafuta rekodi kwenye Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni. Ploti ina rehani ya benki! Nilipompigia akasema, "Mimi kazi yangu ni kuonyesha tu." Ya kuonyesha tu, na kamisheni anataka?

Wakili wangu ana maoni mengine: ajenti akikupa ushauri wa kizembe, ukautegemea ukapata hasara, unaweza kumshtaki. Tena sheria ya Kenya ya maajenti wa ardhi na nyumba ya mwaka 1984, Sura ya 533, inamtaka awe amesajiliwa na bodi ya usajili wa maajenti. Nilimwomba nambari yake ya usajili Jumatatu. Leo ni Ijumaa, ujumbe umesomwa, kimya. Dipoziti sijatoa.