Juneteenth ya Galveston: maadhimisho yanayostahili safari

Kwa wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Texas na wanaotaka watoto wao waifahamu historia ya watu Weusi wa Marekani, maadhimisho ya Juneteenth, sikukuu ya tarehe 19 Juni ya kukumbuka mwisho wa utumwa, mjini Galveston ndiyo ninayoyapendekeza kwanza. Ni katika mji huu wa kisiwani ambako Jenerali Gordon Granger wa jeshi la Muungano, yaani upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, tarehe 19 Juni 1865, alitoa Amri Namba 3 iliyowatangazia watu wa Texas kwamba watumwa wote ni huru. Tangazo la Rais Lincoln la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa limeanza kutumika tangu tarehe 1 Januari 1863, lakini jeshi la Muungano lilikuwa bado halijalishika jimbo hilo, ambamo watu wapatao 250,000 waliendelea kutumikishwa.

Kilele cha siku, kwa maoni yangu, ni usomaji wa amri hiyo katika viwanja vya jumba la kihistoria la Ashton Villa, iliposimama sanamu ya mbunge mwenye muswada mkononi. Mbunge Al Edwards ndiye aliyeupeleka katika bunge la Texas muswada wa kuitambua siku hiyo, na kuanzia mwaka 1980 Juneteenth ikawa sikukuu rasmi ya Texas, miaka 41 kabla ya serikali ya shirikisho kuitambua. Ninawasihi wageni waisikilize amri hadi mwisho. Mahali pengi hunukuliwa mwanzo wake tu, unaotaja usawa kamili wa haki za mtu na haki za mali; lakini maneno yanayofuata yanawashauri walioachwa huru wakae kwa utulivu walipo na kufanya kazi kwa ujira, tena yanawaonya kwamba wakikaa bure hawatakimiwa. Anayeyasikia yote mawili kwa pamoja anaelewa kwa nini uhuru huo ulihitaji kupiganiwa hata baada ya kutangazwa.

Maandamano ya kutoka mahakama ya zamani hadi kanisa la Reedy Chapel nayo yana uzito wake, kwa kuwa yanafuata mfano wa walioachwa huru, walioandamana hadi kanisani hapo Januari 1866. Jengo la sasa lilijengwa baada ya lile la awali kuteketea katika moto mkubwa wa 1885. Picha ya ukutani ya Reginald Adams, yenye futi za mraba 5,000, iliyozinduliwa mwaka 2021 karibu na palipokuwa makao makuu ya Granger, itazameni kwa utulivu, kwani inasimulia mengi kuliko maelezo ya waongozaji wengi. Vyakula ni vya kawaida ya siku hiyo: nyama ya kuchoma, tikitimaji na vinywaji vyekundu.

Upungufu upo. Shughuli huandaliwa na vikundi mbalimbali, kwa hiyo ratiba huwa imetawanyika, na jua la Juni ni kali mno kwa wazee. Familia yenye watoto wadogo ihudhurie usomaji, ipumzike mchana, kisha irejee kwa maandamano.