Fito za Bertoia au bronzi ya Diego Giacometti?

Wote wawili walikuwa wachongaji waliotengeneza samani, ila kila mmoja aliishika metali kwa namna yake.

Diego, Mswisi aliyeishi Paris, alifinyanga kwanza kwa plasta, kisha bronzi ikamiminwa kwenye kalibu. Ndiyo maana meza zake zina mikunjo iliyofinyangwa kwa mkono, na pembeni unakuta bundi, paka au ndege. Viti na taa zake zimo Musée Picasso, jumba la makumbusho la Paris lililofunguliwa Septemba 1985, miezi miwili baada ya kifo chake.

Harry Bertoia, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, alikunja na kuchomelea fito nyembamba za chuma. Kiti chake cha Diamond, kilichotolewa na kampuni ya samani ya Knoll mwaka 1952, kinapitisha hewa na mwanga, na kivuli chake hutandaa sakafuni kama wavu wa mvuvi. Katika kanisa dogo la MIT, chuo kikuu cha Marekani, mwaka 1955, alitundika vibamba vya metali chini ya dirisha la paa, nyuma ya altare. Jua likiingia, vyote vinameremeta.

Kwa kugusa, namchagua Diego bila kusita. Kwa mwanga, Bertoia: taa ya Diego hubeba balbu, lakini Bertoia aliuchonga mwanga wenyewe.